Tundu Lenye Nukta ya Rangi ya Kucha

Hii nimesimuliwa na mtu aliyekuwepo, naye hana tabia ya kupamba maneno. Naiandika kama nilivyoipokea. Kama unatafuta habari za mfalme na binti yake, pita. Hapa kuna mwalimu mstaafu, kompyuta na printa. Isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzio, maana wengi wenu mnatuma mambo msiyoyasoma.

Katika mji mmoja mdogo wa nyanda za juu, kule ambako watu wanavaa makoti mwezi wa saba na hawaoni haya kuyavaa mpaka wa kumi na mbili, aliishi Mwalimu Luvanda. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita. Alipostaafu, wenzake wengine walifuga kuku, wengine wakaanza kunywa. Yeye alinunua kompyuta na printa, akaviweka sebuleni kwenye dirisha la barabarani, akawa mwandishi wa wasifu wa marehemu.

Kwa asiyejua: huko mtu hazikwi hivihivi. Kabla jeneza halijatoka nyumbani, mtu mmoja anasimama mbele ya waombolezaji na kusoma marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini. Mwisho kabisa inasomwa marehemu ameacha nani. Ameacha mjane, watoto kadhaa, wajukuu kadhaa. Hapo kwenye "ameacha" watu wote hunyamaza, hata wale waliokuja kwa ajili ya wali. Kila mmoja anatega sikio asikie kama ametajwa.

Mwalimu aliandika wasifu wa mtaa mzima. Hakusema uongo, ila alijua kuchagua. Mlevi aliandikwa kwamba alipenda watu. Mgomvi aliandikwa kwamba hakuficha la moyoni. Familia zilisikiliza zikalia vizuri.

Lakini aliyeijua mashine yenyewe ni mkewe, Ezelina. Alikuwa karani wa shule, mwanamke mfupi mwenye kucha nyekundu na mdomo usiochoka. Mwalimu alitunga, Ezelina alichapa. Ezelina ndiye aliyeunganisha nyaya. Ezelina ndiye aliyeifunika printa kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, chenye maua pembeni, kama watu wanavyofunika redio. Watoto hawakupata. Waliopita barabarani walisalimia pale dirishani, na Ezelina aliwajibu wote, pamoja na wale asiowapenda.

Kisha Ezelina akafa. Mwalimu alimwandikia wasifu, akauchapa mwenyewe kwa vidole viwili, printa ikautoa bila shida. Ukawa wa mwisho.

Waombolezaji walipotawanyika, ile salamu ya dirishani ikaanza kumchoma. Kila apitaye aliuliza, "Unaendeleaje, Mwalimu?" na kabla hajajibu, mtu ameshafika kwa jirani. Siku moja akachoka. Akabeba meza, kompyuta na printa, kimoja baada ya kingine, akavipeleka chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa choo. Dirisha la barabarani akalitundikia pazia zito. Akasema anataka utulivu.

Akaupata.

Kule nyuma aliunganisha nyaya mwenyewe kwa mara ya kwanza. Waya wa printa aliuchomeka kwenye tundu la mbele la kompyuta, kwa sababu mgongo unamuuma na la mbele halihitaji kuinama. Taa ya printa ikawaka. Akaandika ukurasa mmoja, wa shughuli yake mwenyewe, haukuhusu mteja. Akabonyeza kuchapa. Karatasi haikutoka. Kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba printa haipo.

"Ipo," Mwalimu akaijibu kwa sauti, peke yake chumbani. "Si hiyo hapo!"

Akabonyeza tena. Haipo. Akaizima kompyuta, akaiwasha. Haipo. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka palepale. Akaipiga printa kofi la ubavuni kama alivyokuwa akiipiga redio ya mbao zamani. Siku ile alibonyeza mara kumi na moja, na mara kumi na moja akaambiwa haipo. Akaifunika kwa kitambaa cha Ezelina, akasema na hii nayo imekufa, basi.

Mtu mwingine angeita fundi. Yeye hakuita, maana kumwita fundi ni kufungua mlango.

Miezi saba ikapita. Waliokuwa na misiba walifika wakakuta pazia. Waligonga mara moja, kwa kuona haya, wakaenda zao steshenari ya stendi. Baadaye hata kugonga kukaisha. "Mwalimu yuko wapi siku hizi?" "Nasikia yuko kwa ndugu zake." Ndugu gani, hana ndugu. Kuna mmoja aliyedhani Mwalimu ameshakufa, akawa anawaza moyoni mbona hakuchangishwa.

Na yeye kule nyuma alipika ugali wa mtu mmoja, akala, akaosha sahani moja. Zipo siku alimaliza kutwa nzima hajatoa neno, mpaka jioni akakohoa ili asikie kama sauti bado ipo. Msinililie. Nawaambia ilivyokuwa tu.

Alhamisi moja asubuhi, saa mbili, akasikia mtu anazunguka nyumba kwa upande wa jikoni.

"Hodi! Mwalimu! Usijifanye hupo, moshi nauona!"

"Karibu."

"Karibu gani hiyo ya chini kwa chini? Fungua."

Akafungua. Alikuwa Bi Anyisile, anayeuza maziwa, khanga kaifunga kiunoni na macho yamevimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

Hakuuliza kuna nini. Aliuliza nani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia kwake kwa jambo jingine.

"Dada," akasema Bi Anyisile. "Sekela. Juzi alfajiri."

Mwalimu akavuta kiti akakaa. Sekela alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kabisa. Hakuwa mtoto. Alikuwa mama wa watoto wawili, katika lile darasa la elimu ya watu wazima, miaka ile watu walipokuwa wakienda darasani na majembe yao begani. Mwalimu alikuwa na miaka ishirini na moja. Alimshika mkono, wakaandika pamoja S, halafu E, na penseli ikatoboa daftari kwa jinsi Sekela alivyokandamiza.

"Ameacha maagizo mawili," Bi Anyisile akaendelea. "Jeneza lisiwe la rangi ya dhahabu, hataki kuzikwa kama kabati. Na wasifu wake uuandike wewe, uchapwe kwa mashine. Usiwe wa mwandiko wa mkono."

"Mwandiko wangu una nini?"

"Wako hauna kitu. Mwenyekiti Mtweve, msomaji wetu wa misibani, ndiye hajui kuusoma. Umesahau msiba wa shemeji? Iliandikwa watoto sita, yeye akageuza karatasi huku na huku akasoma tisa. Mpaka leo kuna watu wanawatafuta hao watatu."

Mwalimu nusura acheke, akajizuia. Alikuwa ameshasahau kucheka kunaanzia wapi.

"Mazishi saa nane," akasema Bi Anyisile. "Wasifu tunausoma saa saba."

"Ukimaliza kunipa maelezo nenda nao steshenari ya stendi."

"Steshenari ni ya mwanawe. Imefungwa, yuko msibani analia. Na mji huu una steshenari hiyo moja."

"Basi mtanisamehe. Printa yangu imekufa."

"Mwalimu, wiki hii usinitajie kifo kingine. Imekufa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na umekaa nayo ndani tangu mwezi wa pili? Sisi dada yetu siku ya tatu hii tunaona aibu! Hebu kaa uandike. Nakuletea Tuponile."

Akaondoka kwa hatua za haraka, na mlango hakuufunga. Nadhani makusudi.

Tuponile ni fundi wa redio, pasi na simu pale sokoni, mama wa makamo, mzito wa mwili na mwepesi wa mikono. Naye alisoma kwa Mwalimu darasa la tano. Aliingia na mfuko wake wa bisibisi, akakuta Mwalimu ameshafika ukurasa wa pili, vidole viwili vinatafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nasikia umeficha maiti humu."

"Marahaba. Usinitanie, Tuponile. Saa tatu hii."

Tuponile akakiinua kitambaa, akaitazama printa, akabonyeza swichi.

"Taa inawaka. Hii haijafa. Aliyekufa hawaki."

"Kompyuta inasema haipo."

"Kompyuta inasema isichokiona. Hilo si sawa na kusema kitu hakipo."

Akaanza kazi. Akachomoa waya wa Mwalimu, akaweka waya wake aliokuja nao. Haipo. Akauhamishia tundu la pili la mbele. Kompyuta ikalia kidogo, ikaandika kwamba kuna kifaa kimeingia lakini haikijui. Akazima kila kitu, akahesabu mpaka ishirini, akawasha. Haikijui. Akaulizia ile sidii iliyokuja na printa, ya kuitambulishia kompyuta. Mwalimu akapekua makabati mpaka akaipata ndani ya boksi la vitambaa. Tuponile akaitia, kompyuta ikaivuta, ikaguna, ikaitema.

"Inakosoma sidii ndiko kumekufa kwelikweli," akasema Tuponile. "Hapo sibishani na wewe."

Saa tano ikafika. Simu ya Tuponile ikalia. Bi Anyisile anauliza wamefikia wapi, na nyuma yake zinasikika nyimbo za kanisa.

"Mwambie nitaandika kwa mkono," akasema Mwalimu. "Kwa herufi kubwa."

"Mwambie wewe mwenyewe, mimi bado nataka kuishi." Tuponile akaitia simu mfukoni. "Mwalimu, zamani kazi zilikuwa zinatoka kwa mashine hii hii?"

"Hii hii. Kule sebuleni."

"Na huku umeihamishia wewe?"

"Mimi."

"Isogeze nione mgongo wake."

Waligeuza kompyuta pamoja. Vumbi la nyuma lilikuwa nene kama blanketi. Tuponile akalifuta kwa pindo la khanga. Kule nyuma kuna matundu manne yamepangana, yanafanana kabisa. Moja, la chini kushoto, lilikuwa na nukta nyekundu pembeni.

"Nani kapaka rangi ya kucha hapa?"

"Mke wangu. Alikuwa anapaka kila kitu. Nilidhani ni urembo."

Tuponile akauchukua ule waya wa zamani wa Mwalimu, akaisugua ncha yake kwa kidole gumba. Nukta nyekundu, imefifia.

"Si urembo huu. Alikuwa anakuonyesha unaingia wapi." Akakuna kichwa. "Ndiyo maana. Kompyuta yako ya kizamani, Mwalimu. Hii printa ilitambulishwa kwa tundu hili. Ukiichomeka kwingine, yenyewe inaona mgeni, na mgeni lazima atambulishwe upya kwa sidii. Yule iliyemzoea inakaa inamtafuta hapa, haimwoni, inaandika hayupo. Wala haikosei."

Mwalimu akaitazama ile nukta, ndogo kuliko punje ya mtama.

"Miaka yote hiyo hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Mwalimu akapitisha kidole juu ya nukta.

Tuponile akachomeka waya penye nukta. Wote wawili wakainamia kioo. Neno likabadilika. Printa ipo.

Na kabla hawajatuma kitu chochote, printa ikaguna kama mzee anayeamshwa usingizini, ikaanza kutoa karatasi. Ya kwanza ikateleza hadi sakafuni. Ikafuata ya pili. Ya tatu.

"Hizi nini tena?" akauliza Tuponile.

Mwalimu alishtuka kama aliyeungua. Akaruka, akaikamata ya pili, akaikamata ya tatu, kila inayotoka anaikunja na kuisukumia ndani ya koti.

"Makaratasi ya zamani. Achana nayo."

"Zilikuwa zinasubiri. Ulichokituma hakikupotea, kilikaa kwenye foleni miezi yote hii." Akamtazama alivyokuwa anahangaika. "Barua za mapenzi, Mwalimu?"

"Angalia kazi yako."

"Kazi yangu si ndiyo hiyo unaivalisha koti?"

Karatasi zikakoma. Mwalimu akazihesabu kwa vidole palepale ndani ya koti. Kumi. Alikumbuka kubonyeza mara kumi na moja, lakini akajiambia mzee hukosea hesabu. Wakatuma wasifu wa Sekela. Kurasa mbili zikatoka safi. Mwalimu akaenda kunawa uso. Tuponile akaweka vifaa mfukoni, akaona karatasi moja imelala sakafuni, akaiokota, akaipanga nyuma ya zile mbili bila kuisoma, akabana zote kwa pini ya stepla. Saa sita na nusu. Wakatoka.

Msibani turubai lilikuwa limejaa. Mwalimu hakukaa mbele na wazee wenzake. Alichukua kiti cha plastiki, akakiweka mwisho kabisa karibu na geti, mahali pa mtu anayepanga kuondoka mapema.

Saa saba Mwenyekiti Mtweve akasimama, akavaa miwani, akasoma. Sijui kama mmewahi kumwona mtu wa namna ile akisoma: anasoma kama anayepanda ngazi, kila neno ni kidato, na hatazami alikotoka. Akasoma kwamba Sekela alizaliwa, kwamba aliolewa, kwamba alikuwa fundi cherehani. Kwamba hakujua kuandika mpaka alipokuwa na watoto wawili, na kwamba tangu alipojua aliandika jina lake kwa uzi ndani ya kola ya kila nguo aliyoshona. Hapo wanawake wengi wakajishika kola. Kwamba ameacha watoto sita. Sita! Watu wakashusha pumzi. Bi Anyisile akafunga macho, akatikisa kichwa. Kazi imekwisha.

Mtweve akafunua ukurasa wa tatu.

"Marehemu alianza kazi ya ualimu mwaka elfu moja mia tisa sabini na mbili."

Watu wakainua vichwa. Sekela? Ualimu?

"Marehemu alihamishwa shule nne wala hakulalamika. Marehemu alimuoa Ezelina, wakaishi miaka thelathini na minne."

Minong'ono ikaanza. Mtoto mkubwa wa Sekela akamtazama mama yake jenezani kama anayetaka maelezo. Mtweve alishaanza kutokwa jasho, lakini mtu wa ngazi haachi ngazi katikati.

"Baada ya mkewe kufariki, marehemu alihamia chumba cha nyuma. Marehemu alifariki tarehe..." Akasita. Akaisogeza karatasi karibu na pua. "Hapa tarehe haijajazwa."

Watu wakatazamana.

Mtweve akamalizia kwa sauti ndogo, kwa sababu ulikuwa umebaki mstari mmoja. "Marehemu hakuacha mtu."

Hakuna aliyegeuka kwanza. Halafu wakageuka wote. Pale getini Mwalimu Luvanda alikuwa amekaa mikono magotini, anaangalia viatu vyake, na ndani ya koti zile karatasi kumi zinatoa sauti kila akipumua.

Bi Anyisile akasimama.

"Mwenyekiti, soma tena hapo mwisho."

"Dada Anyisile, nadhani kumetokea..."

"Soma."

"Marehemu hakuacha mtu."

"Ahaa." Akageukia getini. "Mwalimu. Umetuandikia wafu wetu miaka yote, leo umetuandika na sisi wazima kuwa hatupo?"

Mwalimu hakuinua kichwa.

"Huyu hapa ndani ya sanduku, jina lake aliliandika kwenye nguo za nusu ya mji. Alilitoa wapi jina hilo? Alilinunua sokoni?"

Tuponile naye akasimama, mzito, kiti kikalia. "Na mimi, Mwalimu? Ulinichapa fimbo kumi na mbili kwa sababu ya jedwali la kuzidisha la saba. Ninalijua mpaka kesho. Unawezaje kumchapa mtu fimbo kumi na mbili halafu uandike hukumwacha?"

Watu wakacheka, cheko la msibani, la kuziba mdomo. Mwalimu ndipo akainua uso. Hakuwa anacheka.

"Hakuna aliyekuja," akasema.

"Ulitundika pazia," akajibu Bi Anyisile.

"Hamkugonga."

"Tuligonga." Hapo akasita, na wanaomjua wanasema hawajawahi kumwona akisita. "Tuligonga mara moja. Hilo ni letu. Mara moja ni kidogo, na mimi mwenyewe leo nilikuja kwa sababu nilikuwa na shida." Akavuta pumzi, akafunga khanga upya. "Sasa inukeni tumzike dada yangu. Yeye ndiye aliyekufa. Mwalimu, wewe zamu yako bado. Njoo mbele ubebe."

Mwalimu akainuka. Alibeba jeneza upande wa kushoto, hatua chache, mgongo wake ule ule mbovu, mpaka akapokewa.

Mtasubiri niwaambie kwamba tangu siku hiyo nyumba yake ilijaa watu. Haikujaa. Jioni ile alirudi peke yake, akapika ugali wa mtu mmoja, akaosha sahani moja. Watu wana mambo yao, na maneno ya msibani hupoa haraka kuliko chai yake.

Lakini asubuhi yake aliamka akaanza kuhamisha. Ilimchukua mpaka saa sita, meza anaisukuma kidogo, anapumzika, anaisukuma tena. Hakumwita mtu wa kumsaidia. Akairudisha sebuleni, kwenye dirisha la barabarani. Akainama, mgongo ukapiga kelele, akachomeka waya penye nukta nyekundu. Akawasha. Akasoma neno kwenye kioo. Akatandika kitambaa cha maua juu ya printa. Mwisho akaliendea lile pazia, akalitungua lote, na kijiti chake.

Zile karatasi kumi hakuzichana. Upande wa nyuma ni mweupe, na mwalimu hatupi karatasi nyeupe. Mpaka leo anaandikia rasimu juu yake. Ile ya kumi na moja anayo Bi Anyisile. Amesema siku ikifika ataisoma yeye, Mtweve asiiguse, na ule mstari wa mwisho atauandika upya.

Mwalimu akakaa dirishani. Barabara ilikuwa tupu. Akapita mbwa. Akapita mtu wa baiskeli ambaye hakugeuka. Jua likasogea kutoka kwenye mkono wake wa kulia mpaka wa kushoto, naye yuko palepale. Alikwisha kujiambia kwamba hata hivi si vibaya, alipopita mwanamke mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akapita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili na mzigo wake.

"He! Mwalimu! Kumbe upo?"

Mwalimu akafungua mdomo. Sauti haikutoka mara ya kwanza. Akakohoa, akajaribu tena.

"Nipo," akasema. "Nipo hapa."

Funzo: Ukijihamisha kutoka pale watu walipozoea kukukuta, usiandike kwamba hakuna anayekujua, rudi kwanza mahali pako, ndipo uwahesabu waliokuacha. Na wewe uliyegonga mlango wa mwenzio mara moja ukaondoka, nenda ukagonge ya pili leo, kabla hujawa na shida naye.